Neno Lililopanda Farasi

Watu walimwita Fundi Sindano, na jina hilo hakulipata kwa umbo. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na vidole vilivyokomaa kwa nta na uzi. Jina lilitokana na kazi. Alishona ngozi kwa sindano mbili kwa mpigo, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto kupitia tundu lilelile, hata mtu akimtazama aone kama anapigana na uzi, na uzi ndio unaoshindwa. Alitengeneza matandiko ya farasi, hatamu, mishipi ya tumboni na kila kitu cha ngozi kinachomgusa farasi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya mazizi ya klabu ya farasi, chenye dirisha moja, meza moja, na harufu ya mafuta ya kulainishia ngozi ambayo mumewe alisema aliioa pamoja na mkewe.

Klabu ilikuwa ya watu wenye nafasi zao. Wao walipanda, yeye alishona. Lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna tandiko lililotoka mle ndani kabla yeye mwenyewe hajalikalia na kuuzunguka uwanja mara tatu. Waliomuuliza kwa nini aliwaambia, "Mpishi asiyeonja chungu chake ana lake jambo." Ndivyo alivyojua kupanda: bila mwalimu, kwa kuanguka.

Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Ila mara moja maishani aliumeza ulimi wake, na hilo hakujisamehe. Dada yake mkubwa aliota uvimbe kwenye titi, akauficha mwaka mzima akisema ni jipu. Jipu likawa kidonda, kidonda kikanuka, na alipofikishwa hospitali daktari alitikisa kichwa tu. Msibani watu walipouliza marehemu alikuwa akiumwa nini, familia ikajibu kwa sauti moja: kifua. Fundi Sindano alisimama mlangoni akipokea mikono ya pole na kuitikia, "Ndiyo, kifua." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile hata kifo hakikuumbua kitu. Waliyazika maradhi pamoja na mwenyewe, na wanawake waliokaa kwenye mikeka wakarudi makwao bila kujua wajichunguze wapi.

Miaka mitano baadaye, asubuhi moja akioga, aligusa kitu kigumu pembeni mwa titi, chini ya kwapa la kushoto, kama punje ya mahindi. Alijikausha, akavaa, akaenda kukaa mezani.

"Nina uvimbe kwenye titi," alimwambia mumewe.

Mumewe alikuwa mwandika mabango. Hapakuwa na duka wala saluni mtaani ambayo jina lake halikutoka kwenye brashi yake, na mkono wake ulisifiwa kwa utulivu. Sasa kikombe kiligongana na kisahani.

"Usiseme hivyo mezani," alisema.

"Nikasemee wapi? Chooni?"

Siku hiyohiyo alikwenda hospitali. Wiki ya tatu titi likakatwa. Zikafuata dawa zilizomnyonyoa nywele na kumwachia mdomoni ladha ya sarafu. Mumewe alimpikia uji, alimfulia, alimkesha, lakini ugonjwa wenyewe aliuita "lile jambo". Lile jambo linaendeleaje? Daktari amesemaje kuhusu lile jambo? Fundi Sindano alimwacha. Alijua mwanaume yule anaogopa, na mwenye hofu humkimbizi kwa fimbo.

Mwezi wa tano alirudi karakana, kilemba kichwani, mkono wa kushoto ukimvimba kila jioni kama unga uliotiwa hamira. Hapo ndipo alipogundua kwamba watu wameshusha sauti. Wanachama waliokuwa wakimpigia kelele toka uwanjani sasa walimwendea kwa kunyata, kana kwamba mle ndani kuna maiti. Mama mmoja tajiri, mwenye farasi wawili, alimshika bega na kumwambia, "Pole, mwenzangu. Umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

"Nimekatwa titi, mama, sikukatwa mikono," alimjibu. "Tandiko lako litakuwa tayari Alhamisi."

Aliyemfunga bandeji ya ule mkono alikuwa muuguzi wa kliniki ndogo ya bondeni, mwanamke mwembamba anayetembea kama anachelewa basi. Kila Jumanne alikuja pale daktari toka hospitali kubwa kupima wanawake matiti, bila malipo, na kila Jumanne daktari alirudi amesoma gazeti lote.

"Nimebandika makaratasi," muuguzi alilalamika siku moja akizungusha bandeji. "Nimepitisha gari la kipaza sauti. Wakilisikia tu wanafunga madirisha."

"Wakimsikia farasi je?"

"Farasi gani?"

"Yeyote. Mimi nimezeekea kwa farasi. Sijaona mtu anayemfungia farasi dirisha."

Walianza kama mzaha, na mzaha ukaota mizizi. Wangefanya msafara wa farasi mtaa kwa mtaa hadi kliniki. Kila mpandaji angechangisha kwa jamaa na marafiki zake, na kitakachopatikana kingewasafirisha na kuwanunulia dawa wale watakaokutwa na ugonjwa, maana hospitali kubwa ilikuwa mbali na nauli ilishawarudisha wengi nyumbani kufa. Waliitisha kikao cha watu wa kujitolea palepale karakana. Walialika kumi na watano, wakaja watatu: muuguzi, mumewe Fundi Sindano aliyeburutwa kwa ajili ya bango, na Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha nusu ya mji kusoma na nusu nyingine kuogopa rula.

Mwalimu alikaa juu ya kigoda cha matandiko, mkoba magotini. Alipoulizwa kilichomleta, alifungua vifungo viwili vya koti lake, akavifunga tena.

"Mimi yalikatwa yote mawili," alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Wanaojua ni wanangu tu. Hata majirani hawajui. Najaza vitambaa kifuani."

Mumewe Fundi aliangalia sakafu. Muuguzi akapenga kamasi. Fundi Sindano akasema, "Basi tumeshakuwa wengi. Tuanze."

Meneja wa klabu alikubali kwa bashasha. Angewapa farasi kumi na wawili, na wanachama wangepanda. Ilipendeza klabu kuonekana ina huruma. Bashasha hiyo ilidumu hadi alipoletewa karatasi yenye maneno ya bango. Zilikuwa zimebaki siku nane. Alimwita Fundi Sindano ofisini, akaizima feni ili asikike vizuri.

"Fundi, hili neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Mimi nalijua. Nataka nisikie kama na wewe unalijua."

Meneja alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Wanachama wana watoto. Wana wageni. Tuandike Afya ya Akina Mama. Ni lilelile."

"Si lilelile. Afya ya akina mama ni mimba, ni chanjo, ni presha. Dada yangu alipita mbele ya mlango ulioandikwa hivyo mwaka mzima, uvimbe uko ndani ya nguo, asijue anaitwa yeye."

"Basi farasi wangu hawatoki."

"Farasi ni wako," alisema Fundi Sindano akiinuka. "Neno ni langu."

"Na ile karakana ni ya klabu. Usisahau."

Hakusahau. Kesho yake alikuta kufuli jipya mlangoni. Bahati yake, sindano zake hazikuwahi kulala mbali naye. Zilikuwa kwenye mkoba, pamoja na nta na uzi wa akiba.

Lakini turudi kwanza kwenye jioni ile ya siku aliyotoka ofisini. Alimkuta mumewe uani, jua bado liko juu ya paa, kitambaa cha bango kimetandazwa ukutani kwa misumari. Herufi zilikuwa zimekaa sawasawa, za buluu, kama kawaida yake. SARATANI YA. Kisha uwazi mtupu. Chini yake: NJOO UPIMWE JUMANNE.

"Nilikuwa nangoja muafikiane," mumewe alisema.

"Hatukuafikiana. Hatuna farasi tena."

Mumewe alikaa juu ya ndoo ya rangi. Alikwaruza rangi iliyokauka kidoleni. "Mimi nimeandika Bucha," alisema. "Nimeandika Choo cha Kulipia. Nimeandika Usikojoe Hapa, herufi kubwa kuliko mimi. Mkono haukuwahi kunitetemeka." Akautazama ule uwazi. "Nilikuwa naona nikilitaja, ndiyo nimelikaribisha tena."

"Lilikuja bila kukaribishwa, baba."

Aliinuka. Hakuchukua brashi ya buluu. Alichukua ile pana ya kupakia kuta, akaichovya kwenye rangi nyekundu, na mkewe akamshikia ngazi. Herufi nne zilijaza ule uwazi, zikapanda juu ya mstari na kushuka chini yake: TITI. Rangi ilichuruzika kidogo kwenye I ya mwisho. Aliitazama, akasema iache.

Asubuhi Fundi Sindano alikwenda kwenye bomba kuu, mahali wauza maji walipojazia mapipa ya mikokoteni yao. Farasi wa pale hawakuwa ndugu na wale wa klabu. Walikuwa na mbavu za kuhesabika, manyoya yaliyopauka na macho ya watu wasiolipwa vizuri. Lakini wenye mikokoteni walimjua. Jumamosi zote alikuwa akiwashonea mishipi iliyokatika. Mkubwa wa maneno kati yao, bwana mfupi mwenye sauti ya kuuza hata asipouza, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, huyu wangu hajawahi kupandwa. Anajua kuvuta tu."

"Na mimi sikuwahi kukatwa titi. Kila kitu kina siku yake ya kwanza."

Bwana yule alimpapasa farasi wake shingoni, jike la kijivu waliloliita Shangazi, kwa sababu halikumsikiliza mtu na kila mtu aliliogopa. Sauti yake ya kuuza ikapungua.

"Mama yangu alikwenda na hilo hilo," alisema. "Tukaambiwa amerogwa. Tukagombana na majirani miaka sita kwa sababu hiyo, na majirani wenyewe maskini hawana hili wala lile." Kisha akawageukia wenzake, na sauti ikarudi. "Nyie! Jumamosi nani anauza maji?"

Hakuuza mtu. Walipatikana farasi tisa.

Matandiko ya klabu yalibaki nyuma ya kufuli, ila barazani kwake Fundi Sindano alikuwa na rundo la matandiko mabovu yaliyotupwa na wenyewe kwa miaka mingi, akayaokota huku mumewe akinung'unika kwamba nyumba imekuwa jalala. Sasa hakunung'unika. Kwa siku tano baraza liligeuka karakana. Mwalimu alijaza sufi kwenye mito ya matandiko kwa ukali, kama anayesahihisha madaftari. Muuguzi alikata mablanketi ya kuwawekea farasi migongoni. Fundi alishona hadi mkono wa kushoto ukagoma, akaning'iniza mkono kwenye kanga shingoni, akamfundisha mumewe kushika sindano ya pili. Jioni walikwenda uwanja wa shule kufundisha farasi kubeba na wanawake kubebwa. Wapandaji walikuwa wake wa wauza maji, wawili watatu waliopona ugonjwa, Mwalimu akiwa mmoja wao, na muuguzi, aliyeanguka mara ya kwanza kwa mbele na ya pili kwa nyuma.

"Kuna aliyeona?" aliuliza akijikung'uta.

"Wote tumeona," Mwalimu alimjibu. "Panda."

Jumamosi asubuhi msafara ukatoka. Wenye mikokoteni wawili walitangulia kwa miguu, kila mmoja ameshika mti wa bango. Nyuma yao Fundi Sindano juu ya Shangazi, bandeji mkono wa kushoto toka vidoleni hadi kwapani, hatamu zote mbili mkono wa kulia. Hakuwa amejaza kitambaa chochote. Upande mmoja wa blauzi ulisimama, upande mmoja ulilala, na alikuwa amenyoosha mgongo ili jambo hilo lisimpite mtu.

Madirisha yalifunguka, kama alivyosema. Watu walitoka na miswaki mdomoni. Mbele ya duka la vipuri mwanaume mmoja wa makamo alitikisa kichwa na kusema kwa sauti ya kutaka kusikika, "Aibu gani hii, kuandika mambo ya ndani barabarani."

Msafara ungempita, lakini Mwalimu alivuta hatamu. Alimwinamia toka juu, miwani ikiwa puani.

"Wewe nilikufundisha darasa la pili," alisema. "Ulikuwa mzito wa kusoma. Hebu nisomee pale."

Mwanaume alitazama huku na huku. Watu walishajaa. Alikuwa na ndevu za mvi na duka la vipuri, lakini mbele ya sauti ile alikuwa na miaka minane.

"Saratani ya..." Akameza mate. "Ya titi. Njoo upimwe Jumanne."

"Kwa hiyo unaweza. Limekuchoma ulimi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kamwambie mkeo hivyohivyo."

Kicheko kilizunguka barabara nzima, na yule bwana naye mwishowe akacheka, maana afanyeje.

Tatizo lilianza mtaa wa pili. Shangazi alifika mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani akasimama. Fundi alimsukuma kwa visigino. Alimbembeleza. Alimtukana kidogo. Farasi akatulia kama mnara. Ndipo yule bwana mfupi, mwenye Shangazi, aliporudi nyuma, uso umemshuka, akakiri jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: pale ni kwa mteja. Miaka saba Shangazi amesimama mlango ule kila siku, na haondoki mpaka mama mwenye nyumba atoke na ndoo.

Mama mwenye nyumba akatoka na ndoo.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Leo hakuna maji, mama," alisema Fundi Sindano toka juu. "Leo tumekuja kukuuliza kama umewahi kupimwa matiti."

Mama alitazama bango, akatazama blauzi ya Fundi, akaweka ndoo chini. Walizungumza. Kufika hapo farasi wengine nao walishatawanyika, kila mmoja kwa wateja wake, na msafara uliopangwa kwenda mstari mmoja ukawa umesimama kwenye milango tisa tofauti. Muuguzi alishika kichwa. Ratiba yake ilikuwa imekufa. Kisha akatupa jicho mtaani, akaona kila farasi amezungukwa na wanawake wenye ndoo, wanauliza, wanaelezwa. Akaikunja ratiba akaitia mfukoni. Njia ya saa mbili iliwachukua mpaka saa tisa mchana.

Mlango wa kumi na nne au wa kumi na tano alitoka mpishi wa shule, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aproni kiunoni. Hakuuliza maji. Alisimama karibu kabisa na mguu wa Fundi, akawa anasuka manyoya ya shingo ya Shangazi kwa vidole.

"Pale palipokatwa," alisema kwa sauti ndogo, "panauma?"

"Wakati mwingine panawasha. Kuuma, hapana."

"Mimi langu linatoa maji kwenye chuchu. Na sinyonyeshi."

Fundi Sindano aliinama mpaka vichwa vyao vikakaribiana. "Jumanne saa mbili," alisema. "Usitafute mtu mwingine. Mimi nitakuwa mlangoni."

Walipopita mbele ya klabu, meneja alikuwa getini, mikono nyuma. Geti likafunguka nyuma yake, akatoka yule mama tajiri juu ya farasi wake mweusi anayeng'aa.

"Farasi hawatoki leo, mama," meneja alimkumbusha.

"Wako hawatoki," alisema yule mama. "Huyu ni wangu."

Akamkaribia Fundi Sindano kama mtu mwenye neno la kuomba. Fundi hakumngoja alitafute. Alimvuta Shangazi pembeni, akampa nafasi kwenye mstari.

Jumanne viti vya kliniki havikutosha. Wakaazima vya saluni ya jirani. Daktari hakufungua gazeti. Wanawake thelathini na mmoja walipimwa, wanne wakaandikiwa barua ya hospitali kubwa, na mmoja wa hao wanne alikuwa mpishi. Alikutwa na saratani, lakini ilikuwa bado ndogo. Michango ya wapandaji ndiyo iliyomlipia safari na dawa, yeye na wengine waliomfuata.

Meneja alikuja nyumbani kwa Fundi baada ya wiki tatu, ufunguo mkononi. Matandiko yalikuwa yanakatika na mjini hapakuwa na mshonaji mwingine. Alisema yaliyopita yamepita. Fundi Sindano alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akamwambia hapana. Hakusema kwa hasira. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kufunga mkanda kwelikweli, na zipo siku alizojiita mjinga. Lakini pole pole wanachama walianza kuleta matandiko yao pale barazani, wakipita kando ya ukuta ambao mumewe, bila kuombwa, alikuwa ameuandika upya maneno yaleyale ya bango, safari hii kwa rangi ya mafuta ili mvua isiyafute.

Fundi mwenyewe anapimwa kila miezi sita. Hakuna aliyempa hakikisho, naye haliombi. Mwalimu ameacha kujaza vitambaa. Msafara wa pili umepangwa, na mfadhili mmoja mkubwa ameshaandika barua akiuliza kama neno lile linaweza kulainishwa kidogo. Barua yake Fundi Sindano aliitumia kufungia nta.

Mpishi alipomaliza mzunguko wa tatu wa dawa, alikuja barazani na kilemba chake, amekonda, akakaa kwenye kigoda akitazama sindano mbili zikipishana.

"Nikipona," alisema, "na mimi nitapanda."

Fundi Sindano alikata uzi kwa meno. "Usingoje kupona," alimwambia. "Jumamosi saa kumi, uwanja wa shule. Vaa suruali."